Mama Timazi na Shubiri ya Njia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuta kiti. Kama kuna sufuria jikoni, punguza moto kidogo. Na wewe uliye kazini, endelea na kazi yako, ila niazime sikio moja tu. Leo tunamkumbuka mjenzi. Tunamkumbuka mwanamke aliyejenga nyumba za watu wa kipato kidogo, nyumba moja baada ya nyingine, bila kampuni kubwa, bila magari ya kuchimba, bila hata ofisi. Ofisi yake ilikuwa mfuko wa aproni. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Timazi. Mama Timazi alifariki wiki iliyopita, na Jumamosi tulimzika.

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kusimama karibu na fundi, timazi ni kipande cha chuma kizito kilichofungwa kwenye uzi. Fundi hukining'iniza kando ya ukuta, akaona kama ukuta umesimama wima au umelala. Basi. Hakina betri wala kioo. Kina sharti moja tu: lazima usubiri kitulie. Kikiwa bado kinayumba, hakikwambii neno.

Na mama huyu alikuwa na tabia yake. Kila asubuhi, kabla ya karai la kwanza la zege, alifunga timazi yake kwenye ukuta wa jana na mafundi wote walinyamaza. Hakuna kuchanganya mchanga, hakuna kusimulia mpira. Wote macho kwenye kile chuma mpaka kiache kuyumba. Akiwepo mwenye haraka, na kwenye ujenzi mwenye haraka hakosekani, alimwambia neno lake lile lile: "Acha itulie." Mafundi waliomfanyia kazi wanaigiza sauti yake mpaka leo. Wengine wanawaambia hivyo wake zao nyumbani, na sitaki kuwaambia wanajibiwa nini.

Aliwahi kuja hapa studioni. Ni miaka kadhaa sasa. Tulikuwa tunazungumzia makazi, nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Alikuwa anatazama ukuta ulio nyuma yangu. Akatia mkono mfukoni, akatoa timazi, akaining'iniza pale pale, nami nikiwa tayari nimewasha kipaza sauti. Akasubiri. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, ukuta wako umesinzia." Tangu siku hiyo kila nikiketi hapa mgongo wangu unahisi kuna mtu anauegemea. Ukuta wenyewe haujaguswa mpaka leo, na wakubwa wangu wa kituo najua mnanisikia.

Alianzaje? Wasikilizaji, alianza kwa kujibiwa vibaya.

Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Yeye na mumewe walikuwa wamepanga chumba kimoja katika mtaa ule ulio nyuma ya ghala la zamani. Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache, cherehani yake ikiwa dirishani. Msimu wa mvua kubwa, ukuta wa chumba chao ukaanguka. Uliangukia nje. Mzee huyu ameniambia kwamba hadi leo, mvua ikinyesha kwa nguvu, anaamka kuushukuru ule upande wa nje. Mwenye nyumba akaleta fundi mwashi ajenge upya. Mama akasimama pembeni, mtoto mgongoni, anatazama. Akatazama weee, mwisho akasema, "Fundi, ukuta unainama." Fundi hakugeuka hata kichwa. Akamjibu, "Basi njoo ujenge wewe."

Sasa, wengi wetu tukijibiwa hivyo tunasonya na kuingia ndani. Yeye alimpa mumewe mtoto, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kushika mwiko. Fundi yule alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alimwacha, na kesho yake alimwacha tena. Mwisho yule yule fundi ndiye aliyemfundisha kazi, na alipostaafu alimwachia timazi yake. Ndiyo hiyo timazi tunayoizungumzia. Mumewe akamshonea aproni ya turubai yenye mfuko maalumu wa kuiwekea, na mfuko ule aliushona mara mbili, kwa sababu chuma kile ni kizito.

Alifanya kazi chini ya watu kwa muda mrefu. Alipiga plasta, alipanga matofali, alimwaga sakafu. Kisha akaunda kikundi chake. Msimamizi wake alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, ambaye kila mtu anamwita Mjomba, hata wazee waliomzidi umri. Wakasajiliwa kuwa wakandarasi wa daraja la chini kabisa. Wakandarasi wadogo. Na hapo, wapendwa, ndipo safari yenyewe ilipoanza, kwa sababu kujenga ukuta ni kazi, lakini kupata ruhusa ya kuujenga ni kazi kuliko hiyo.

Mjomba anasimulia huku anacheka, ila kicheko chenyewe si cha furaha. Ukienda kuomba kazi ya nyumba za bei nafuu, unaulizwa umeshajenga ngapi za namna hiyo. Ukisema bado, unaambiwa nenda kapate uzoefu kwanza. Ukiuliza uzoefu unapatikana wapi, unaambiwa kwenye kazi. Basi unatoka pale umezungushwa kama ng'ombe wa kinu. Na ukiipata kazi, mashine ya kuchanganya zege ni ya kukodi. Umeiomba ifike alfajiri, inafika mchana, na tairi moja halina upepo. Saruji imepanda bei tangu siku uliyotia sahihi, lakini bei yako wewe haipandi. Vibarua wako wazuri wanaitwa na kampuni kubwa katikati ya wiki, na huwezi kuwalaumu, wana watoto. Na juu ya yote hayo, watu wanakucheka. "Nyumba za bei nafuu? Si ndizo zile za nyufa?"

Maneno hayo yalikuwa yanamuuma Mama Timazi kuliko tairi na saruji. Nilimuuliza hapa hapa studioni, akanijibu hivi, na nimerudia kuisikiliza kanda ile jana: "Bei ndiyo nafuu. Ukuta sio nafuu. Anayelala ndani ni mtu kamili."

Wasikilizaji wapendwa, maisha ya mtu ni marefu na kipindi chetu ni kifupi. Nimechagua niwasimulie jambo moja. Ni jambo ambalo yeye mwenyewe hakupenda lisimuliwe kuwa sifa, kwa sababu lilianza na kosa, na kosa lilikuwa lake.

Kulikuwa na uwanja kati ya barabara kuu na ghala la zamani. Ofisi ya nyumba iliamua kujenga pale safu moja ya nyumba kumi na mbili za bei nafuu. Nyumba ya kwanza barabarani, nyumba ya mwisho karibu na ghala. Kati ya nyumba ya mwisho na ukuta wa ghala kulikuwa na kinjia. Hicho kinjia mkishike, tutakirudia. Kilikuwa njia pekee ya kuingia na kutoka mtaa wa nyuma. Maji yalipita pale kwa mkokoteni. Wagonjwa walipita pale. Maiti zilipita pale. Kwenye ramani kilichorwa kwa upana wa kutosha tu, wala hakukuwa na nafasi ya kujivunia. Na ghala lile ni la mawe, kuta zake nene, huwezi kuliambia lisogee.

Safu ile alipewa Mama Timazi. Lakini hakupewa kwa ajili yake peke yake, na hili nalirudia ili lieleweke. Ofisi ilisema wazi: hili ni jaribio. Wakandarasi wadogo wakimaliza safu hii vizuri na kwa wakati, uwanja wa pili, ule mkubwa, utagawiwa kwa wakandarasi wadogo. Wakishindwa, uwanja wa pili unakwenda kwa kampuni kubwa. Kwa hiyo nyuma ya mama huyu walikuwapo wenzake wengi wanasubiri, kila mmoja na kikundi chake, kila mmoja na mafundi wanaomtegemea. Mkubwa wao alikuwa bwana mmoja mnene, mcheshi, anaitwa Zege. Yeye na Mama Timazi walikuwa marafiki wa kutaniana. Walikopeshana mbao, karai, hata mafundi. Zege ndiye aliyezunguka ofisi baada ya ofisi kuomba wadogo wapewe jaribio lile. Alipiga magoti, kama anavyosema mwenyewe, mpaka suruali ikatoboka.

Kazi ikaanza vizuri. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkaguzi akija, anapiga ukuta kwa ngumi, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anaondoka.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu kosa lenyewe ni la kifundi, lakini nitalisema pole pole.

Kampuni kubwa ingepima nyumba zote kumi na mbili siku moja na kupiga vigingi safu nzima. Mama Timazi alikuwa na mbao za kujengea nyumba mbili tu kwa wakati mmoja, na ofisi ililipia nyumba iliyokamilika tu, na plasta yake nje na ndani. Kwa hiyo alijenga moja, akaimaliza kabisa, akahamishia mbao kwenye inayofuata. Vigingi vya mpima ardhi vilikuwa vimeng'olewa zamani na malori ya mchanga. Mpima ardhi akiitwa, hana nafasi mpaka mwezi ujao. Basi Mama Timazi akawaambia mafundi wapime kutoka kwenye ukuta wa nyumba iliyotangulia. Ilionekana ni akili. Ukuta si upo? Umenyooka, si yeye mwenyewe kaupima kwa timazi?

Lakini vipimo vya ramani vinaanzia kwenye tofali, si kwenye plasta. Na ukuta waliopimia ulikuwa umeshapigwa plasta. Plasta ina unene wa kidole. Nyumba ya pili ikasogea unene wa kidole. Ya tatu, kidole kingine juu ya kile. Ya nne, kingine. Kila ukuta ulikuwa wima kabisa, timazi haikuona kosa lolote, kwa sababu timazi inajua kusimama, haijui ulipo. Walipofika nyumba ya kumi na mbili, vile vidole vilikuwa vimejumlishwa vikawa shubiri, ule urefu wa kiganja kilichotanuliwa, toka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Shubiri moja na ushee. Na shubiri hiyo ilitoka kwenye kinjia.

Nani aligundua? Si mkaguzi. Nyumba ya mwisho ilikuwa imefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na mkaguzi alikuwa ameshaipitia na kuikubali. Aliyegundua ni msukuma mkokoteni wa maji. Siku hiyo alipita na madumu yake kama kawaida, mkokoteni ukakwaruza ukuta. Akarudi nyuma, akanyoosha, ukakwaruza tena. Akamwita mama, akamuuliza kwa utani, "Mama, njia imepungua, au mkokoteni wangu umenenepa?"

Mjomba alikuwepo. Anasema dada yake alicheka sana, akamwambia yule bwana aupunguzie mkokoteni chakula. Kisha kicheko kikakatika katikati. Akaomba utepe wa kupimia. Akapima kinjia, akapima tena. Akatembea mpaka nyumba ya kwanza kule barabarani, akaweka kiganja kwenye ukuta, akakwaruza plasta kwa kucha ya kidole gumba. Hapo ndipo alipoelewa. Mjomba anasema, "Alikaa chini kwenye tofali. Nikamuuliza, dada unaumwa? Akaniambia, ndugu yangu, nimejenga vizuri mahali pasipo pake."

Habari haikulala. Jioni ile ile Zege alifika na wakandarasi wenzake watatu. Wakageuza makarai, wakakaa. Wakapewa chai. Wakazungumza kwa heshima, maana walikuwa wanampenda. Wakamwambia mkaguzi ameshapita. Wakamwambia hakuna mtu atakayepima kinjia cha mtaa wa nyuma. Mmoja akashauri ukuta wa mwisho peke yake uvunjwe na kuingizwa ndani, chumba kipungue shubiri, nani atajua? Mama akajibu kwamba atakayejua ni yule atakayeweka kitanda kisha mlango ukatae kufunguka. Akasema hawezi kumpunja mnyonge wa ndani ili amlipe mnyonge wa nje. Njia ilikuwa moja tu: nyumba ya mwisho ibomolewe mpaka chini, msingi uchimbwe upya, isogezwe kuelekea jirani yake, ambako palikuwa na nafasi. Na kufanya hivyo kulikuwa na maana kwamba safu haitamalizika kwa wakati. Wote walilijua hilo. Kwa hiyo hawakupandisha sauti.

Zege ndiye aliyesema neno la mwisho. Amenisimulia mwenyewe, wala hakuficha. Alimwambia, "Dada, hiyo ni shubiri moja. Na nyuma ya hiyo shubiri tupo sisi wote."

Mimi hapo, wasikilizaji, nakiri sijui ningefanyaje. Ni rahisi kumsifu mtu akishatangulia. Lakini jiwekeni kwenye lile karai la Zege. Mtu amepiga magoti mpaka suruali imetoboka. Ana mafundi nyumbani wanasubiri kuambiwa lini waanze. Hakuwa mtu mbaya akiomba kusamehewa shubiri moja.

Mama Timazi aliinuka. Alitoa timazi mfukoni, akaifunga kwenye ule mkanda wa lenta, akaiacha ining'inie. Wote wakaitazama. Ilipotulia, ilikuwa imegusana na ukuta vizuri kabisa, bila mwanya. Ukuta ulikuwa mzuri. Akasema taratibu, "Mnaona ulivyonyooka? Huu nauvunja kesho."

Nyumbani, mumewe alimuuliza swali moja tu. Alimuuliza kama ana hakika. Yeye akasema, "Nina hakika ya kipimo. Ya mengine sina." Mzee akamwambia ampe ile aproni, akaishona tena mfuko, ingawa haikuwa imefumuka. Ameniambia hakujua cha kufanya na mikono yake.

Asubuhi mama alikwenda kwa mkaguzi kabla ya kugusa nyundo. Alimweleza kosa lake mwenyewe, tangu plasta ya nyumba ya kwanza. Hakumtaja Mjomba, hakumtaja mpima ardhi, hakutaja malori ya mchanga. Mkaguzi, naye Mungu amjalie, alikasirika kwanza, halafu akaja na utepe wake, akapima, akakubali nyumba isogee upande wa jirani. Akasema lakini tarehe haibadiliki, tarehe si yake. Wakarudi wakabomoa. Waliyapangua matofali moja moja, wakayapangusa udongo ili yatumike tena yale yaliyopona. Mjomba anasema siku zile hapakuwa na utani. Anasema pia kwamba watu wa mtaa wa nyuma walikuja kusaidia kubeba, msukuma mkokoteni akiwa wa kwanza, anajisikia ana kosa kwa swali lake.

Wakachelewa. Ningependa kuwaambia kwamba ofisi ya nyumba iliona uaminifu ule ikatokwa na machozi. Hapana. Ofisi iliona tarehe imepita. Uwanja wa pili ulikwenda kwa kampuni kubwa. Wakandarasi wadogo waliambulia vijikazi, huyu mlango, yule sakafu, wakiwa chini ya kampuni ile. Vikundi viwili vilivunjika kabisa. Miaka ilipita ndipo wadogo walipopewa tena nafasi, na hakuna aliyesema ni kwa sababu ya nani.

Na Zege alinuna. Alimnunia Mama Timazi miaka miwili. Wakikutana dukani kwa muuza misumari, Zege anajifanya anasoma maandishi kwenye mfuko wa saruji. Mama alikuwa anamsalimia vile vile. Alikuwa anamwambia muuza duka, kwa sauti ya kusikika, "Mpe Zege salamu zangu akimaliza kusoma." Baadaye walirudi kuzungumza, mambo ya kazi, mambo ya afya. Lakini ile shubiri hawakuitaja tena hata siku moja, na mumewe anasema jambo lile lilimkaa mama moyoni. Hakujutia kuvunja. Alijutia wale waliokuwa nyuma yake. Alijua majina ya mafundi wote waliokosa kazi, na kila alipopata kazi yake mwenyewe alianza kuwaita hao.

Aliendelea kujenga. Nyumba zake zipo, nendeni mkazione. Ile safu ya kumi na mbili imesimama, na ukiangalia vizuri utaona nyumba mbili za mwisho zimekaribiana kuliko nyingine. Watoto wa pale wanasema nyumba hizo zinasengenyana. Yeye mwenyewe hakuhamia popote. Mganga hajigangi. Aliendelea kuishi mtaa ule ule wa nyuma, katika chumba kile kile, mpaka mwenye nyumba alipomuuzia, akaongeza kimoja.

Kisha kifua kikaanza. Madaktari walisema ni mapafu, na wakasema vumbi la saruji halikukosa kuchangia. Miaka yote ile alifunika pua kwa ncha ya kitambaa tu. Hospitalini alikuwa mgonjwa msumbufu. Alimwambia muuguzi kwamba plasta ya wodi imepigwa na mtu aliyekuwa anawahi harusi. Siku za mwisho alikuwa anapumua kwa shida, na mumewe akiwa na hofu anamwita daktari mara kwa mara. Mama alimshika mkono. Neno lake la mwisho ambalo mzee amelishika ni lile lile mnalolijua.

Jumamosi tulikuwa wengi. Mimi nilikwenda. Nilifika mapema nikasimama mwanzo wa kinjia, nimeegemea nyumba ya kumi na mbili. Jeneza likatolewa kwenye kile chumba cha nyuma. Wabebaji sita, watatu kila upande. Mbele, upande wa ukuta wa ghala, alikuwa Zege. Amezeeka sasa, amepungua, lakini alikataa kupokewa. Walipofika mdomoni mwa kinjia, msemaji wa familia akanyoosha mkono kuwasimamisha. Akawaambia pengine hapapitiki hivyo, pengine walishushe, wapite wawili wawili.

Zege akasema, "Panapita."

Wakaingia. Wakapita wote sita, bega kwa bega na jeneza, hakuna aliyejikunja, hakuna aliyegeuka ubavu. Nilikuwa natazama kiwiko cha Zege na yale mawe ya ghala. Katikati palikuwa na nafasi ndogo, si kubwa, yenye upana wa kiganja cha mkono. Alipotoka upande wa barabara alisimama. Wenzake wakasimama naye, maana mbele akisimama nyuma hamna ujanja. Akageuka kukitazama kile kinjia. Baadaye nilimfuata, nikamuuliza alikuwa anafikiri nini. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyafuta. Aliniambia, "Ile shubiri niliyomnunia. Leo nimepita ndani yake, nimembeba."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki na kwa niaba yangu mwenyewe, natoa pole kwa mume wake, fundi wetu wa cherehani. Pole kwa Mjomba. Pole kwa watoto na wajukuu. Pole kwa mafundi wake wote, walioko kazini na walioko nyumbani wakisubiri kuitwa. Pole kwako pia, mzee Zege, najua unasikiliza. Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Na sisi wengine tufikiri kidogo. Tunaowapa wadogo kazi kwa majaribio, tufikiri tunajaribu nini hasa: tarehe, au mtu. Tunaochelewesha vigingi vya wenzetu, tufikiri. Na wewe utakayelala leo ndani ya nyumba ya bei nafuu isiyovuja, weka kiganja ukutani kabla hujazima taa. Kuna mtu aliusubiri ukuta huo kila asubuhi.

Hapa redioni kimya ni kosa. Fundi mitambo wangu ameshaanza kunitazama nyuma ya kioo. Leo anivumilie. Timazi ya Mama iko hapa, mumewe ameniazima kwa ajili ya kipindi hiki. Nimeifunga kwenye ule ukuta ulio nyuma yangu, ule uliosinzia. Bado inayumba. Sitasema neno jingine, wapendwa, mpaka itulie.